Pweza Afumwaye Kericho

Mvua inayonyesha Bomet haifiki Bahari Hindi. Matone yanayoangukia mashamba ya chai ya Konoin na Kericho huteremkia mito ya Itare, Kipsonoi na Chemosit, ambayo huungana kuwa Sondu na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Karibu na mji wa Bomet hupita Nyangores, unaokwenda kukutana na Amala, na hapo huzaliwa Mto Mara. Mara nao hukatiza Maasai Mara na Serengeti, ukaishia katika ziwa lilelile upande wa Musoma. Kutoka ziwani njia ni ya Nile, na mwisho wa Nile ni Mediterania. Kinachoelekea Bahari Hindi ni majani chai. Yakishakaushwa viwandani, hufungwa na kupakiwa kwenye malori yanayosafiri zaidi ya kilomita 700 hadi maghala ya Mombasa, kwenye mnada ulioanza Nairobi mwaka 1956 na kuhamishiwa pwani mwaka 1969.

Kwa mtoto anayekulia Litein au Mogogosiek, takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, pweza basi ni picha ya kitabuni au katuni ya runinga. Samaki anaowajua yeye ni tilapia wa kukaanga na omena kutoka Kisumu. Mnyama mwenye mikono minane, mioyo mitatu na damu ya buluu hana ukoo wowote katika vilima hivi. Hata hivyo ameshafika. Amefumwa kwa uzi wa sweta, kichwa chake kinaenea kwenye kiganja cha mtu mzima, na mikono yake imejisokota pembeni.

Ufumaji wa wanasesere wa namna hii ulishamiri kwanza Japani, ukaenea duniani kwa vitabu, kisha kwa video za YouTube. Nchini Kenya, tangu shule na kazi zilipofungwa kwa sababu ya korona mwaka 2020, kroshia imerudi kwa kishindo miongoni mwa vijana: blauzi, mikoba, kofia, na sasa wanyama. Wa baharini wana bahati ya pekee. Pweza, kasa na nyangumi wana maumbo ya mviringo ambayo kroshia hupenda kuyatoa, na hakuna mteja Kericho atakayelalamika kwamba nyangumi wake hafanani na yule aliyemwona juzi.

Mikono iliyompokea pweza huyu haikuwa migeni kwa kazi. Ingia nyumba yoyote ya makamo katika Bureti, Belgut au Chepalungu na utapokewa na vitambaa: vya migongo ya makochi, vya mikono ya makochi, cha meza ya katikati, cha juu ya runinga, na kile kirefu cha kabati la vyombo. Mgeni akiketi kwa pupa, kitambaa humfuata mgongoni, na mwenye nyumba hukirudisha mahali pake bila kusema neno. Vitambaa hivyo vina historia. Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka 1952 chini ya serikali ya kikoloni, ilieneza vijijini vilabu vya wanawake vilivyofundisha kushona, kufuma, kupika na usafi wa nyumba. Ulipokuja mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, sayansi kimu na sanaa na ufundi yakawa masomo ya shule ya msingi, na wasichana kwa wavulana wakatumwa nyumbani kutafuta uzi na sindano. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yaliondolewa katika mtihani wa darasa la nane, na shuleni kitu kisichotahiniwa hakikawii kusahaulika. Ndiyo maana leo ni jambo la kawaida kukuta bibi anafuma vizuri, mjukuu naye anafuma vizuri, huku mama aliye katikati hajui hata kushika kroshia.

Kroshia yenyewe ni kijiti cha chuma, plastiki au mwanzi chenye kijino mwishoni. Anayefuma sweta hushika sindano mbili na safu nzima ya vitanzi vilivyo hai. Sindano ikichomoka, kazi ya jioni nzima inaweza kufumuka. Wa kroshia huwa na kitanzi kimoja tu cha kulinda. Akiitwa jikoni, kituo cha majani chai, au kwenye lango ambako ng'ombe wamefika, hukivuta kirefu kidogo, akatia kazi mfukoni, akaenda. Kwa mtu ambaye siku yake hukatwakatwa na kazi za watu wengine, hilo si jambo dogo.

Pweza huanzia juu ya kichwa. Uzi huzungushwa kwenye kidole cha shahada, na ndani ya kitanzi hicho hufumwa mafundo 6. Kila fundo lina hatua zake: kroshia huingia tunduni, hunasa uzi na kuuvuta, sasa kuna vitanzi viwili kwenye kijiti, uzi hunaswa tena na kupitishwa katika vyote viwili kwa mpigo. Ncha ya uzi ikivutwa, tundu la katikati hufumba kabisa. Mzunguko wa pili huweka mafundo mawili katika kila tundu, yanakuwa 12. Wa tatu, mawili katika kila tundu la pili, 18. Halafu 24, 30, 36. Kwa kuwa kazi huenda kwa mzunguko usiokatika, jicho haliwezi kujua mwanzo uko wapi. Uzi wa rangi nyingine, au hata pini ya nguo, hupachikwa kuwa alama. Asiyeweka alama atahesabu kwa kichwa, kisha mtoto atauliza swali, na pweza atakuwa na kichwa kilichopinda upande.

Mafundo yakifika 36, kuongeza hukoma. Mizunguko kadhaa hupita bila badiliko, na kile kilichokuwa sahani huanza kukunja ukingo na kuwa bakuli. Kisha hesabu hurudi nyuma: 30, 24. Hapo kuna ujanja mdogo unaofurahisha. Pweza ana mikono 8, na 24 ikipunguzwa kwa kufuma fundo moja na kuunganisha mawili yanayofuata, tena na tena hadi mzunguko uishe, hubaki 16 kamili. Kila mkono hupata mafundo mawili ya kushikilia, bila deni wala salio.

Kabla shingo haijawa nyembamba kupita kiasi, kichwa hushindiliwa. Wenye uwezo hununua nyuzinyuzi za mito. Wengine hutumia masalio ya fundi cherehani yaliyokatwa vipande vidogo, au sweta kuukuu iliyofumuliwa. Masalio ya vitambaa hufanya kichwa kizito na chenye vinundu, na hukauka polepole, jambo lenye uzito Kericho ambako alasiri bila mvua ni ya kushukuriwa. Mafundo ya mwanasesere lazima yabane kuliko ya shali, ndiyo maana kroshia huchaguliwa nyembamba kuliko ile ambayo uzi wenyewe ungedai. Yakilegea, vitu vya ndani huchungulia nje.

Mikono ndiyo sehemu ambayo watoto huiona kuwa uchawi. Hufumwa mnyororo wa vitanzi 50 hivi, kisha mfumaji hurudi juu ya mnyororo huo akiweka mafundo mawili au matatu katika kila kitanzi. Mnyororo hauna nafasi ya kutosha kwa mafundo yote hayo. Ukingo unakuwa mrefu kuliko mti wake, hauna pa kwenda, basi mkono mzima hujisokota kama vikono vya mmea wa malenge vinavyotafuta ua wa kuparamia. Hakuna waya ndani wala gundi. Mfumaji anaweza kuuvuta ukanyooka, akauachia, nao ukajikunja tena.

Kuna shida moja ambayo video za YouTube haziitaji, kwa kuwa wanaozirekodi hawachumi chai. Utomvu wa majani mabichi huacha weusi kwenye vidole, hasa kidole gumba na cha shahada, na ngozi hukomaa ikapasuka. Uzi wa pamba hunaswa kwenye mipasuko hiyo, na uzi mweupe hubeba alama. Dawa ni limau la kusugulia, mafuta ya Arimis usiku, na busara ya kuanza na pweza wa rangi ya kahawia au buluu iliyoiva.

Ile hesabu ya 6, 12, 18 ina sababu nzuri, na mwalimu wa hisabati anaweza kuitolea somo zima. Duara likitanuka kwa kimo cha fundo moja, mzingo wake huongezeka kwa takriban mara 6.28 ya kimo hicho. Kwa kuwa fundo la kroshia lina upana unaokaribiana na kimo chake, kuongeza mafundo 6 kila mzunguko hufanya kazi ilale tambarare. Ukiongeza machache, inakuwa bakuli. Ukiongeza mengi, hujikunjakunja kwa mawimbi, na ukiendelea kwa kasi ileile unapata umbo ambalo wanahisabati walihangaika kwa muda mrefu kulionyesha kwa vitu vya kushikika. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alilifuma kwa kroshia na kuingia nalo darasani. Wanafunzi waliokuwa wakiambiwa wafikirie uso wa aina hiyo sasa waliweza kuukunja na kuuchunguza kwa vidole.

Umbo hilo lilikuwa baharini muda wote. Baadhi ya matumbawe na konokono wa bahari wana kingo za mawimbi, na mawimbi hayo huwapa eneo kubwa la uso ndani ya nafasi ndogo. Mwaka 2005 dada wawili wazaliwa wa Australia, Margaret na Christine Wertheim, walianza huko Los Angeles kufuma mwamba mzima wa matumbawe kwa uzi, na maelfu ya wafumaji katika nchi nyingi wameuongezea vipande vyao tangu hapo. Shabaha yao ilikuwa kuonyesha kinachopotea. Kenya inakijua vizuri: maji ya bahari yalipopata joto mwaka 1998, matumbawe mengi ya pwani yake yalipauka na kufa, hata ndani ya hifadhi za Malindi na Watamu zilizotangazwa mwaka 1968.

Turudi milimani, kwenye swali la mikono na mashine, kwa kuwa hapa Kericho ndilo swali lenyewe.

Chai ya biashara ilianza kupandwa hapa kwa eneo kubwa katikati ya miaka ya 1920, na kwa miongo mingi ilivunwa kwa vidole: majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, malipo kwa kilo. Wakulima wadogo wanaopeleka majani kwenye viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika lililoanza mwaka 1964, bado huchuma hivyo kwa sehemu kubwa. Katika mashamba makubwa ya kampuni mambo yamebadilika. Mashine za kuchumia ziliingia, na watu wachache wakaweza kumaliza kipande kilichokuwa kikihitaji makumi ya wachumaji. Migomo ikafuata. Mei 2023 waandamanaji wa Kericho walichoma baadhi ya mashine hizo moto. Mashamba yenyewe yamekuwa yakibadilisha wamiliki, na kampuni ya Browns ya Sri Lanka imechukua sehemu kubwa. Kwa aliyekuwa akiishi kambini kwa ujira wa kilo, jina la mwenye shamba lilimhusu kidogo kuliko mngurumo aliousikia upande wa pili wa mstari wa miti.

Sasa, sweta zina mashine tangu mwaka 1589, pale William Lee wa Uingereza alipounda mtambo wa kufuma soksi. Kroshia haina. Zipo mashine zinazoiga mwonekano wake, lakini fundo halisi la kroshia, ambalo kila moja huingizwa tundu lake na kumalizwa kabla ya linalofuata kuanza, viwandani bado halijapata mtambo wa kulitoa kwa wingi. Maana yake ni nzito kuliko inavyosikika. Kila mkoba wa kroshia unaoning'inia kwenye duka la nguo, popote duniani, hata ukiuzwa kwa bei ya soda mbili, umefumwa na mikono ya mtu. Bei ikiwa ya chini hivyo, mashine haina mkono katika jambo hilo. Kuna mtu mahali fulani aliyelipwa kidogo.

Wapo waliofikiwa na hoja hii kabla ya watu wa ukanda wa chai, na si Kenya. Viazi vilipooza Ireland kuanzia mwaka 1845 na njaa ikaua watu wengi, baadhi ya familia za wakulima zilinusurika kwa kroshia. Katika mji mdogo wa Clones, mwaka 1847, mke wa kasisi aitwaye Cassandra Hand alianzisha mafunzo ya kufuma lesi kwa wanawake wa vijijini, nao wakalipwa kwa kipande. Mapambo ya lesi hiyo yalikuwa maua na majani yaliyofumwa moja moja nyumbani, kila familia ikijulikana kwa umbo lake, kisha yakaunganishwa na wengine. Lesi ya Clones ilivaliwa na matajiri wa Ulaya. Ilifanya vizuri hadi mitindo ilipogeuka.

Fikiria pweza mmoja wa kiganja. Mfumaji aliyezoea huchukua saa nne au tano kummaliza, ukijumlisha kushindilia, kushona mikono na kutarizi macho. Uzi ni gramu 50 hivi. Gharama ya vifaa basi ni ndogo, na hilo ndilo huwapotosha wengi, kwani hupanga bei kwa kuangalia uzi. Huku sokoni, madoli ya mtumba hulundikwa kwenye turubai, sungura na dubu waliotupwa na watoto wa Ulaya, na mzazi huokota mmoja kwa bei ambayo isingelipia hata saa moja ya kazi. Pweza wa kroshia hawezi kushindana na lundo hilo na hapaswi kujaribu. Anayemuuza kwa kumlinganisha na mtumba atafuma mwaka mzima na kushangaa fedha zilikwenda wapi.

Ushahidi kwamba kuna njia nyingine uko jirani, upande wa pili wa Mau. Huko Njoro, Kaunti ya Nakuru, Kenana Knitters ilianzishwa na Paddy Nightingale mwaka 1998 ili wanawake wa vijijini wapate kipato kwa kusokota sufu na kufuma. Mamia wameshapitia hapo. Sufu husokotwa kwa mkono, rangi nyingi hutolewa kwenye mimea, na kinachouzwa zaidi ng'ambo ni wanasesere: ndovu, viboko, twiga na wenzao. Kila mmoja hubeba lebo yenye jina la aliyemfuma. Kazi yao kubwa ni ya sindano mbili, si kroshia, lakini hesabu ya biashara ni ileile. Mnunuzi wa London hapati tu ndovu wa sufu. Anapata ndovu aliyefumwa na mtu mwenye jina, na kwa jina hilo yuko tayari kulipa. Bangladesh nako, Samantha Morshed alianzisha Hathay Bunano mwaka 2004, na wanawake wa vijiji vyake hufuma wanasesere, pweza wakiwamo, katika vituo vilivyo karibu na makwao ili wasilazimike kuhamia viwanda vya nguo vya Dhaka. Kuna somo humo kwa Bomet: kituo kilicho umbali wa kutembea kwa miguu hufaa kuliko karakana nzuri iliyo mjini.

Pweza ana soko jingine ambalo watu wengi hulitaja, na linahitaji uangalifu. Mwaka 2013, nchini Denmark, kundi la wafumaji wa kujitolea lilianza kupeleka pweza wa kroshia kwa watoto njiti waliolazwa katika hospitali ya chuo kikuu cha Aarhus. Wauguzi na wazazi waliona watoto wakishika mikono ya pweza badala ya kuvuta mirija ya chakula na hewa. Ikasemwa kwamba mikono hiyo huwakumbusha kitovu walichokuwa wakikishika tumboni. Wazo likasambaa, hospitali ya Poole ya Uingereza ililipokea mwaka 2016. Masharti yake ni makali kuliko ya mwanasesere wa kawaida. Uzi uwe pamba tupu. Mikono isizidi sentimita 22 ikivutwa, isije ikazunguka shingo. Macho yatariziwe, yasiwe ya plastiki. Na pweza mzima astahimili kufuliwa kwa maji ya nyuzi 60.

Ni habari tamu, na ndiyo sababu inapasa kusimuliwa kwa kiasi. Ushahidi wa kitabibu kuhusu pweza bado ni mwembamba, wakati ule wa kumbeba njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, ni mnene. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa sababu vitotoleo havikutosha, na Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ianze mara tu baada ya mtoto kuzaliwa. Mama aliyejifungua kabla ya wakati katika hospitali ya Kapkatet, Longisa au Tenwek ana kifua chake, leso na muda wa kukaa karibu na mtoto, akisaidiwa kuupata muda huo. Pweza akija baadaye kwa idhini ya wauguzi, si vibaya. Lakini asitangulizwe. Tena kuna tofauti ambayo husahaulika: pweza wa Denmark ni zawadi ya watu waliokuwa na saa za kutoa. Ukimwomba mfumaji wa Bomet atoe pweza 20 bure kwa wodi, unamwomba karibu saa 100, na hizo zingekuwa karo ya mtu.

Kwa anayetaka kuuza nje ya nchi, Umoja wa Ulaya hudai wanasesere wapimwe kwa viwango vya EN 71 na wabebe alama ya CE. Hupimwa nguvu ya viungo vikivutwa, jinsi kitu kinavyoshika moto, na kemikali zinazoweza kutoka kwenye rangi. Gharama ya vipimo humshinda mtu mmoja mmoja. Kikundi cha watu 30 wanaofuma muundo uleule kwa uzi uleule kinaweza kuigawana. Hapo ndipo vyama vya akina mama vya kuchangishana, ambavyo havikosekani kijiji chochote cha Kericho, vina faida kuliko binti mwenye kipaji anayefuma peke yake. Ugumu utakuwa kukubaliana kuhusu huo uleule. Wafumaji hupenda kubadilisha. Mmoja ataongeza kofia, mwingine atampa pweza wake hereni.

Soko la karibu nalo lina vituko vyake. Barabara ya Kisumu kwenda Maasai Mara hupita Kericho na Bomet, na watalii husimama kupiga picha mashamba ya chai. Wanachotaka kubeba ni simba na ndovu. Pweza aliyefumwa mlimani huwashangaza kidogo, kisha wengine humnunua kwa sababu hiyohiyo. Wateja wa kutegemewa zaidi wako mjini, kwenye sherehe za kukaribisha watoto wachanga na siku za kuzaliwa, ambako mzazi hulipia rangi aliyoichagua mwenyewe na jina la mtoto lililotariziwa kwenye paji la uso. Pwani iko nafasi pia. Watamu, ambako shirika la Local Ocean Conservation limekuwa likishirikiana na wavuvi kurudisha baharini kasa wanaonaswa nyavuni, mgeni hutafuta kasa.

Kasa ni mgumu zaidi kidogo kuliko pweza. Gamba lake ni lile duara la mafundo 6 lililoachwa lijikunje ukingoni, tumbo ni duara tambarare la kulifunikia, na mapezi hufumwa bapa bila kushindiliwa, mawili ya mbele yakiwa marefu kuliko ya nyuma. Katika bahari ya Kenya wapo wa aina tano, na anayeagizwa kasa wa Watamu ni vema aulize ni yupi. Kasa mwamba ana mdomo uliochongoka kama wa ndege, na mdomo huo hugharimu mizunguko minne ya ziada, ambayo nayo itiwe kwenye bei.